Chati ya saa au chati ya mwendo wa bei: ipi inamfaa anayefanya biashara akiwa Nairobi?

Gari moshi la Madaraka Express huondoka Syokimau saa yake ikifika, mabehewa yajae yasijae. Matatu ya kwenda Thika huondoka ikijaa. Chati za bei za soko la fedha na hisa zimegawanyika vivyo hivyo. Kwenye chati ya saa, yaani inayofuata muda, mshumaa (mchoro wa bei ya kipindi kimoja) wa dakika 15 hufungwa dakika ya 15 ikitimia, hata kama bei haikusogea kabisa. Baa ya tiki (inayohesabu miamala), baa ya ujazo (inayohesabu mikataba au hisa), baa ya renji na tofali la Renko (zinazopima umbali wa bei) hufungwa pale tu jambo fulani linapotimia sokoni, lichukue sekunde nne au saa nne. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize kwanza: uamuzi wako wa kununua au kuuza unategemea saa, au unategemea umbali ambao bei imetembea?

Nasisitiza swali hilo kwa sababu wengi huchagua chati kwa macho. Renko inapendeza. Matofali ya kijani yamepangana kama ngazi, kisha mekundu yanashuka, na kila anayeitazama anaona angepata faida wapi. Lakini unono huo wa macho umepatikana kwa kufuta habari fulani, na ni vizuri kujua ni habari gani kabla ya kuweka pesa.

Saa ina maana kubwa kuliko tunavyodhani

Soko la fedha za kigeni halina jengo wala kengele, lakini lina ratiba. Katika utafiti wa Benki ya Malipo ya Kimataifa wa mwaka 2022, biashara ya fedha za kigeni duniani ilikuwa takriban dola trilioni 7.5 kwa siku, na karibu asilimia 38 yake ilipitia Uingereza. Kwa hiyo London inapoamka, bei huamka. Kwetu hiyo ni saa nne asubuhi wakati wa majira yao ya joto, na saa tano asubuhi wakati wa baridi. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni yetu, au saa kumi na moja na nusu saa zao zikirudishwa nyuma. Ripoti ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutufikia saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. Tena hawabadilishi siku moja: kuna wiki chache mwezi Machi, na wiki nyingine mwishoni mwa Oktoba, ambapo London na New York ziko mbali kwa saa moja pungufu ya kawaida. Anayefanya biashara kwa mazoea huingia sokoni wakati usio wake wiki hizo.

Chati ya saa huonyesha mambo hayo yote wazi. Unaona mshumaa wa saa nne asubuhi ukirefuka siku baada ya siku, unajua huo ni London. Chati ya Renko haikuonyeshi. Matofali matatu yanaweza kuwa ya dakika tano au ya siku mbili, na kwa macho yanafanana.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mshumaa wa siku hufungwa kwa saa ya seva (kompyuta kuu) ya broka, yaani dalali wako, si kwa saa ya ukutani kwako. Broka wengi huweka seva zao ili siku ya soko iishe saa kumi na moja jioni ya New York. Wakati wa majira ya joto ya huko, hiyo ni saa sita kamili usiku hapa Nairobi, yaani seva na ukuta vinakubaliana. Wakati wa baridi ni saa saba usiku. Broka mwingine akiweka seva yake kwenye saa ya Greenwich, utaona kijishumaa kidogo cha Jumapili, na mishumaa yake ya muda wa saa nne nne haitafanana na ya mwenzako hata kidogo. Watu wawili wanaweza kubishana juu ya umbo la mshumaa mmoja wa euro na dola (bei ya euro moja kwa dola), kila mmoja akiwa mkweli kwa chati yake. Kabla hujahamia chati nyingine ukidai mishumaa inakudanganya, angalia saa ya seva.

Udhaifu wa chati ya saa nao ni wa kweli. Usiku wa manane wa Nairobi, euro na dola inaweza kukaa saa kadhaa ikitikisika ndani ya pipsi chache (pipsi moja hapa ni 0.0001). Kila saa bado inachora mshumaa, na wastani wa mishumaa 20 unauhesabu ule wa usingizi sawa na ule wa ripoti ya ajira. Ndiyo maana viashirio vingi (hesabu zinazochorwa juu ya bei ili kutoa ishara) kwenye chati za dakika hutoa ishara za uongo alfajiri. Wanahisabati waliliona hili zamani: mwaka 1967 Benoit Mandelbrot na Howard Taylor walieleza kwamba mabadiliko ya bei yakipimwa kwa idadi ya miamala badala ya muda, mgawanyiko wake unakaribia zaidi ule wanaouita wa kawaida kwenye takwimu, wenye umbo la kengele. Wazo la kuacha saa, basi, si mtindo wa vijana wa mtandaoni. Lina msingi.

Renko: inachokupa na inachokuficha

Tofali la Renko huchorwa bei ikitembea umbali uliouchagua, tuseme pipsi 10. Isipotembea, hakuna kinachochorwa. Ili rangi igeuke, bei lazima irudi umbali wa matofali mawili kutoka mahali tofali la mwisho lilipofungwa.

Uzuri wake unaonekana ukitazama shilingi yetu. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 160. Februari serikali ikauza Eurobondi mpya (hati ya mkopo wa kutoka nje) ya dola bilioni 1.5 ili kulipia ile iliyokuwa ikiiva Juni, hofu ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 131. Baadaye ikatulia kwenye 129 na vichele, ikakaa hapo sehemu kubwa ya 2025. Chora kipindi hicho kwa Renko ya tofali la shilingi tano: utapata matofali matano au sita yakishuka, kisha kimya. Kwa mishumaa ya siku, utapata mteremko mkali ukifuatwa na mamia ya mishumaa myembamba kwenye mstari mmoja. Anayetaka kujua kama mwelekeo umebadilika, Renko inamjibu kwa mtazamo mmoja, wala haimchoshi kwa mwaka mzima. Lakini mfanyabiashara wa Eastleigh anayeagiza nguo Dubai, ambaye swali lake ni "mshuko ule ulichukua miezi au wiki?", Renko haina jibu kwake. Mishumaa inalo: zilikuwa wiki chache tu, na aliyenunua dola Januari aliumia haraka.

Sasa gharama. Chukua euro na dola, tofali la pipsi 10. Tofali la mwisho la kijani limefungwa 1.1000. Bei inaendelea kupanda hadi 1.1009, lakini tofali jipya halichorwi kwa sababu 1.1010 haijafikiwa. Kisha bei inageuka. Tofali jekundu halitatokea hadi 1.0980. Kutoka kilele halisi hadi ishara yako ya kwanza, umeshaachia pipsi 29, na kwenye chati hukuona hata moja kati ya zile tisa za juu. Kwa loti (kipimo cha ukubwa wa biashara) 0.01, ambayo ni senti 10 za dola kwa kila pipsi, hiyo ni karibu dola tatu, shilingi mia tatu na themanini hivi. Si nyingi mara moja. Soko likiwa linayumba huku na huko, utazilipa mara nyingi kwa wiki.

Hatari kubwa zaidi iko pale bei inaporuka. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, na ndani ya dakika chache bei ilianguka chini ya 1.00. Katikati hapo kulikuwa na viwango vingi ambavyo mtu wa kawaida hakuweza kuuzia. Renko huchora matofali mazuri yaliyopangana kupita viwango hivyo vyote, kana kwamba kila kimoja kilikuwa mlango wazi. Mshumaa angalau unakuonyesha mstari mmoja mrefu na kukuambia jambo la kutisha limetokea. Vivyo hivyo na pengo la Ijumaa usiku hadi Jumatatu: kwenye mishumaa unaliona, kwenye Renko linazibwa.

Kwa sababu hiyo nasema bila kusita: usijaribu mkakati wako kwa historia ya Renko kisha ukaamini matokeo. Jaribio litadhani ulinunua kwenye ukingo wa tofali, bei ambayo huenda haikuwahi kupatikana. Na kama umeweka ukubwa wa tofali ujipange wenyewe kwa wastani wa mtikisiko wa bei, jambo ambalo programu nyingi hupendekeza, basi ukubwa huo unabadilika kadiri siku zinavyopita na matofali ya zamani yanachorwa upya. Ishara uliyoiona jana inaweza kuwa haipo leo. Ukitaka Renko, weka namba isiyobadilika. Tena angalia inajengwa kutokana na nini. Majukwaa mengi hayatumii kila badiliko la bei. Hutumia bei ya kufunga ya mshumaa wa dakika moja, au wa saa, au wa siku. Renko ya pipsi 10 iliyojengwa kwa mishumaa ya dakika na ile iliyojengwa kwa mishumaa ya saa ni chati mbili tofauti zenye jina moja.

Baa za renji ni jamaa ya Renko, na kwangu zina uaminifu zaidi. Kila baa ina umbali uleule kati ya juu na chini, lakini inaonyesha vilele na mabonde halisi, na hakuna sharti la kurudi matofali mawili. Anayeweka agizo la kukata hasara chini ya bonde la karibuni anahitaji bonde la kweli, na hapa analipata. Tabu yake ni kwamba kila baa hufungwa kwenye ncha, juu kabisa au chini kabisa, kwa hiyo maumbo ya mishumaa uliyojifunza, nyundo na doji, hayana kazi tena. Usiyatafute.

Tiki na ujazo: uliza nani anahesabu

Baa ya tiki hufungwa baada ya idadi fulani ya miamala, na baa ya ujazo baada ya idadi fulani ya mikataba au hisa. Kwa nadharia hizi ndizo bora, na zinafuata moja kwa moja wazo la 1967. Soko likichangamka zinakuja mfululizo, na likilala zinalala nalo.

Tatizo ni mahali unapofanyia biashara. Kwenye mikataba ya baadaye (futures, ya kununua au kuuza tarehe ya mbele kwa bei iliyokubaliwa leo) ya soko la CME kule Chicago, kila mkataba unaouzwa unapita kwenye soko moja na unahesabiwa. Mikataba midogo ya fahirisi ya S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani) iliyoanzishwa Mei 2019, ambayo kila hatua ya robo pointi ni dola 1.25, imefanya soko hilo lifikiwe na mtu mwenye mtaji wa kiasi. Hapo baa ya ujazo ina maana kamili: mikataba elfu moja ni mikataba elfu moja.

Kwenye foreksi (biashara ya fedha za kigeni) ya rejareja, hakuna soko moja. "Ujazo" unaouona kwenye MetaTrader, programu ya kufanyia biashara, ni hesabu ya mara ngapi broka wako amebadilisha bei. Broka mwingine ana hesabu nyingine kwa dakika ileile. Hesabu hiyo haikosi maana kabisa, kwa sababu bei hubadilika mara nyingi zaidi soko likiwa na shughuli, lakini ni kivuli cha shughuli. Kununua kifurushi cha kila mwezi ili upate chati za tiki za euro na dola kwa bei za broka mmoja ni matumizi mabaya ya pesa, na ningependa kila anayeanza asikie hilo kabla hajatoa kadi au kutuma pesa kwa simu.

Hata kwenye CME kuna la kuangalia. Namba inayofaa leo, tuseme tiki 1,000 kwa baa, inaweza isifae baada ya miezi shughuli zikiongezeka au kupungua. Na baa zako zinategemea hesabu ilianzia wapi: programu ikianza kuhesabu upya mwanzo wa kikao na ya mwenzako isianze, baa hazitalingana.

Heikin Ashi nayaweka hapa kwa ufupi, kwa sababu wengi huyachanganya na Renko. Hiyo ni chati ya saa kama nyingine, ila bei zimesawazishwa. Mshumaa uliofunguka 1.1000, ukapanda hadi 1.1030, ukashuka hadi 1.0990 na kufungwa 1.1020, kwenye Heikin Ashi utaonyeshwa umefungwa 1.1010, wastani wa hizo nne. Bei halisi iko pipsi kumi juu ya unachokiona. Inafaa kumsaidia mtu akae na faida asitoke mapema. Haifai kuwekea maagizo.

Kwa hisa za hapa nyumbani

Soko la Hisa la Nairobi hufanya biashara hadi saa tisa alasiri, na ukiiondoa Safaricom na benki kubwa, kampuni nyingi zilizoorodheshwa huuza hisa chache kwa siku. Mishumaa ya dakika haina maana hapo. Hata baa ya tiki itakaa siku nzima ikisubiri. Kumbuka pia kwamba bei ya kufunga inayotangazwa ni wastani wa miamala ya siku uliopimwa kwa ujazo, wala haimaanishi bei ya muamala wa mwisho, kwa hiyo "mshumaa umefungwa juu ya kiwango" hapa haina maana ileile ya euro na dola. Na siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka kwa karibu kiasi cha gawio. Renko itakuchorea tofali jekundu la mauzo ambayo hayakuwepo. Mimi ningetumia mishumaa ya wiki, pamoja na tangazo la tarehe ya kufungwa rejista pembeni, na nisingehangaika na chati nyingine yoyote.

Nani achukue ipi

Kwanza, simu. Wengi wetu tunafanya kazi hii kwenye simu, kati ya kazi na kazi, na programu za MetaTrader za simu zina chati za saa tu: mstari, baa na mishumaa. Renko kwenye MetaTrader 4 inahitaji kompyuta na kijiprogramu cha ziada kinachoijenga. Stima ikipotea au intaneti ikikatika, matofali yanaweza kuwa na pengo mpaka uyajenge upya. Kama huna kompyuta inayowaka saa zote au seva ya kukodi, mjadala umeisha: tumia mishumaa, na jifunze vizuri.

Mwenye ajira anayeangalia soko asubuhi na jioni, mishumaa ya muda wa saa nne nne na ya siku inamfaa kuliko kitu kingine chochote. Mshumaa wa siku ukifungwa saa sita au saa saba usiku, anausoma asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Ratiba ya soko inaingia kwenye ratiba yake. Chati isiyo na saa itamwita wakati wowote, na atakuwa mkutanoni.

Anayefanya biashara ya habari, ripoti ya ajira au uamuzi wa riba, asiguse chati isiyo na saa kwa ajili ya kuingia. Sekunde zile za kwanza pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hupanuka, na matofali sita yanayotokea kwa mkupuo hayamwambii kwamba hakuna hata moja angeweza kuingilia.

Anayefuata mwelekeo kwa siku au wiki, na ambaye ugonjwa wake ni kutoka mapema kila bei ikitikisika, huyo Renko inaweza kumsaidia kweli. Atumie mishumaa kuingia na kuweka agizo la kukata hasara, kisha atumie Renko yenye tofali lisilobadilika kuamua lini atoke. Ukubwa wa tofali auchague kwa kutazama bei inatembea kiasi gani kwa siku ya kawaida. Tofali la pipsi mbili kwenye soko ambalo pengo la kununua na kuuza ni pipsi moja na nusu litamla kwa ada.

Na anayekaa kwenye skrini saa zote za mchana wa New York akifanya biashara ya mikataba ya CME, aende kwenye baa za ujazo au za renji. Yeye ndiye pekee ambaye chati hizo zimepata data inayozistahili. Aweke mstari wima kwenye saa ya ufunguzi, saa kumi na nusu au kumi na moja na nusu jioni kwa saa yetu, ili asiipoteze kabisa saa.

Ukiwa bado huna uhakika, fungua akaunti ya majaribio, weka madirisha mawili ya soko moja, na uchukue biashara zilezile kwa kila chati ukiwa na hatari ileile kwa shilingi. Andika bei halisi uliyopewa na broka kila unapoingia na kutoka, pembeni uandike bei ambayo chati ilionyesha. Tofauti ya safu hizo mbili, ukiijumlisha baada ya mwezi, ndiyo gharama ya chati yako.